Mkubwa Yuko Mkutanoni

Mtu akitaka jambo lake lienee mtaani, asijisumbue kupiga mbiu, aende saluni. Vidole alilijua hilo vizuri, maana saluni ilikuwa yake. Jina la Vidole alilipata akiwa msichana mdogo, akiwasuka wenzake kwenye ngazi za shule, na mpaka leo vidole hivyo vilikwenda mbio kuliko mdomo wake, ingawa mdomo nao haukuwa nyuma. Tangu Picha, yule mpiga picha wa mtaa, amalize kuandika filamu yake, kila kichwa kilichokaa kwenye kile kiti kiliondoka kimesukwa, kimepakwa mafuta, na kimepewa kazi ya kufanya.

Jumamosi hiyo kilikuwa kichwa cha mke wa seremala.

"Hebu niambie," mke wa seremala alisema, kidevu kikiwa kifuani. "Hiyo filamu inahusu nini hasa? Isije ikawa ya kulia. Ya kulia ninayo nyumbani."

"Ya kucheka, dada. Kuna mama anakwenda ofisini kutaka mhuri. Mhuri mmoja tu, agongewe aende zake. Anaambiwa mkubwa yuko mkutanoni, angoje. Anangoja. Anarudi tena, anangoja. Anangoja mpaka wafanyakazi wanamzoea. Anawachemshia chai, anawapokelea simu, anawasuluhisha wakigombana. Mwisho wa yote anapandishwa cheo."

"Na mhuri?"

"Hajaupata."

Mke wa seremala alicheka mpaka kichwa kikamponyoka Vidole mikononi. "Huyo mama ni mimi! Nani kamwambia Picha habari zangu?"

"Kila mtu anauliza hivyo hivyo. Ndiyo maana tunataka watu waje kesho waisikie ikisomwa. Hatuna uwezo wa kukodi kitu, dada. Tunaazima. Meza, viti, nguo, hata sura za watu tunaazima. Sasa tunahitaji mahali pa kukutana, penye nafasi kidogo, penye kivuli…"

"Unataka karakana ya mume wangu."

"Mimi sijasema."

"Vidole vyako vimesema. Ulipofika kwenye 'nafasi' ulinivuta nywele mpaka machozi yakanitoka." Akajitazama kiooni, akaridhika. "Basi nitamwambia. Akikataa atalala na mbao zake."

Hapo mlango ukasukumwa, akaingia Picha mwenyewe. Studio yake ilikuwa ng'ambo ya barabara, chumba kimoja chenye pazia la buluu, ambako watu walikwenda kupigwa picha za vitambulisho wakiwa wamenuna. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye macho ya mtu anayesikiliza hata pasiposemwa kitu. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa kikang'aa kama sahani.

"Samahani," alisema, akimtazama Vidole halafu akitazama sakafu. "Nilikuwa naomba kuazima… kitana."

Mke wa seremala aligeuka polepole. "Kitana. Jana uliazima kioo, juzi uliazima sindano. Leo kitana, na kichwa hicho! Unataka kuchana nini, baba, mawazo?"

Vidole aliinama kuokota uzi ambao haukuwa umeanguka. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na kwa kweli hapakuwa na mtu mtaani ambaye hakusikia kikohozi hicho isipokuwa mmoja tu: baba yake.

Baba yake alikuwa Mzee, bila la ziada. Ukisema "Mzee" pale mtaani, watu hawakuuliza mzee yupi. Kabla ya kustaafu alikuwa mkubwa wa ofisi moja yenye majalada mengi, na heshima ya ofisi ile alitoka nayo kama mtu anavyotoka na mwavuli wake. Mzee akikohoa, majirani walitafuta dawa. Kuhusu Picha alikuwa amesema mara moja tu, mezani, bila kuulizwa: "Mtu anayekula kwa kuchekesha wenzake, siku wenzake wasipocheka mkewe atakula nini?" Mama akamtupia Vidole jicho la pembeni. Vidole akameza tonge kubwa kuliko koo lake.

Ndiyo maana hakuwa amemwambia baba yake kwamba filamu inahusu ofisi. Alimwambia inahusu mama mwenye subira. Hakusema uongo. Alisema ukweli akaukata kona.

*

Jumapili alasiri karakana ilijaa. Seremala alikuwa amefagia maranda na kuyarundika pembeni, watoto wakayafanya godoro. Watu walikaa juu ya mbao, juu ya meza ambazo hazijapigwa rangi, juu ya fremu za vitanda vya wateja. Na hawakuja mikono mitupu. Fundi cherehani alileta suruali zilizosahauliwa na wenyewe, akasema hizo ndizo nguo za wafanyakazi wa ofisi, wachague. Mwoka mikate aliahidi kuwalisha waigizaji siku zote za kazi, mradi naye aonekane, hata mgongo. Seremala akapanda juu ya kigoda, akatangaza kwamba meza za ofisi zitakuwa zake, viti vitakuwa vyake, na mlango wa mkubwa atauchonga mwenyewe, mlango mzito, wa kumtia mtu woga.

"Na usifunguke!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma.

"Usifunguke kabisa!" seremala akajibu, watu wakapiga makofi.

Vidole alisimama kando ya nguzo, moyo umemjaa. Picha alipoanza kusoma, hakuwa tena yule wa kuazima vitana. Alisoma sauti zote yeye mwenyewe: mama mwenye shida, mlinzi anayejiona waziri, karani anayekula karanga ndani ya droo. Watu waliangua kicheko, wakashikana mabega, wakafutana machozi. Kila baada ya ukurasa Picha aliinua macho na kumtafuta Vidole peke yake, na Vidole akimwona anamtafuta, alijihisi kama mtu aliyeitwa jina lake zuri kwa sauti ya chini.

Akafika sehemu ya mwisho.

"Sasa mkubwa amestaafu," Picha alisoma. "Yuko nyumbani. Asubuhi anaamka, ananyoa ndevu, anavaa koti lake la ofisini. Anakwenda sebuleni. Analivua koti, analitundika kwenye kiti cha mezani. Halafu anatoka uani kumwagilia mchicha."

Kicheko cha kwanza kikatoka. Vidole yeye hakucheka. Vidole vyake vilishika nguzo.

"Mkewe anakuja, anaangalia kiti. 'Mume wangu, chai.' Analimiminia koti chai. Jirani anaingia kuomba ushauri. 'Mzee yupo?' 'Yupo, si unaliona koti?' Jirani anakaa, analieleza koti shida yake mwanzo mpaka mwisho, anashukuru, anaondoka amefarijika."

Karakana nzima ililipuka. Katikati ya vicheko hivyo Vidole alisikia kimoja alichokijua tangu tumboni, kicheko chembamba kinachopanda ngazi, cha mama yake. Akageuka. Mama alikuwa amesimama langoni, kiganja mdomoni, amechelewa kukizuia. Na pembeni yake alisimama Baba.

Vicheko vilizimika kimoja kimoja. Picha aliinua macho kutoka kwenye karatasi.

Mzee hakukunja uso. Aliwatazama watu wote kwa utaratibu, kama anayekagua foleni.

"Endeleeni," alisema kwa upole. "Mkubwa hayupo."

Akageuka, akaondoka, akitembea kwa hatua zake za siku zote. Mama akamfuata.

Seremala akajikuna shingo. "Zile meza," alisema bila kumtazama mtu. "Nimekumbuka zina mchwa."

Mwoka mikate akainuka akakung'uta maranda. "Na mimi unga siku hizi sina uhakika nao. Haukawii kugoma kuumuka."

Fundi cherehani alizikunja suruali zake, moja baada ya nyingine, akaziweka kwapani. Muda si mrefu karakana ikawa na watu wawili tu, na mmoja wao alikuwa bado ameshika nguzo.

"Lilikuwa langu lile," Vidole alisema.

"Lipi?"

"Usijifanye hujui. Koti. Siku ya ile mvua kubwa, barabara imejaa maji, umekwama saluni kwangu mpaka jioni. Siri hiyo ya nyumbani nilikupa wewe. Sikukupa wewe na seremala na mwoka mikate."

Picha aliweka karatasi chini. "Vidole, nilipoandika pale sikuwa nacheka. Wallahi tena. Ni kitu kizuri kuliko vyote vilivyomo humu. Nikajua watu wakikiona, watampenda yule mzee. Nilidhani hata wewe…"

"Ulidhani. Uliuliza?"

Picha akatazama maranda.

"Una mdomo wa kuja kuomba kitana na huna unywele hata mmoja. Hilo moja tu likakushinda kuuliza?"

"Nitaikata sehemu hiyo. Leo hii hii."

"Kwenye karatasi utaikata. Masikioni mwa baba yangu utaikata kwa mkasi gani?"

Alitaka kuondoka akiwa na hasira, maana hasira ni fimbo, unaweza kuiegemea. Lakini alipofika langoni akageuka, akamwona Picha amechutama anaokota karatasi zilizochanganyika na maranda, akizipuliza moja moja, na hasira ikamwishia kabla hajapenda iishe. Akaondoka hivyo hivyo, bila fimbo.

*

Asubuhi yake Vidole hakufungua saluni. Alipotoka chumbani, kitu cha kwanza alichoona ni kile kiti cha mezani. Kilikuwa kitupu. Baba alikuwa ameamka, amenyoa, amekwenda uani, na koti alikuwa ameliacha kabatini. Kiti kile kitupu kilimuuma Vidole kuliko neno lolote ambalo angeambiwa.

Alimkuta baba yake kwenye bustani ya mboga, amechuchumaa, anang'oa magugu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba." Akang'oa gugu jingine. "Ni wewe uliyemwambia."

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

Alikuwa amekesha akitengeneza majibu, marefu, yenye mapambo. Yote yalimtoroka. "Aliniuliza habari zako. Na mimi nilitaka akupende."

Mkono wa Mzee ulisimama juu ya tuta. "Anipende mimi? Yeye ni nani hata anipende?"

"Ni mtu ninayetaka kuishi naye, Baba. Na mtu nitakayeishi naye, siwezi kukubali asikupende."

Basi, limetoka. Vidole akachuchumaa naye, wakawa wote wawili wanatazamana na mchicha. Ndege mmoja alitua ukutani, akaona mambo ni mazito, akaondoka.

"Na siku hiyo mlipokuwa mnanisema," Mzee aliuliza hatimaye, "mlikuwa mnacheka?"

"Yeye hakucheka. Mimi nililia."

"Ulilia nini?"

"Nililia kwa sababu kila asubuhi unavaa vizuri hivyo, na hakuna anayekuja."

Mzee aliacha kung'oa magugu, na magugu mengine mawili aliyokuwa ameshaanza kuyavuta akayaacha yakae.

"Mtu aliyecheka ni mimi!" sauti ya Mama ilitoka dirisha la jikoni. "Mimi hapa! Na radhi sitaomba. Nimeishi na koti hilo miaka yangu yote, jana ndiyo mara ya kwanza kuona limefanya kazi."

"Mama Vidole," Mzee alisema bila kugeuka, "unga unaungua."

"Sipiki unga," Mama akajibu. Na Vidole, akiwa chini pale kando ya baba yake, alidhani ameona kona ya mdomo wa Mzee ikitikisika.

*

Alasiri Picha alikuja. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, na chini ya kwapa alibeba bahasha yenye karatasi zake. Vidole alimwona dirishani akifungua geti kwa uangalifu kama geti la hospitali. Baba naye alimwona.

"Mwambie," Mzee alisema, akijinyoosha kwenye kochi, "mkubwa yuko mkutanoni."

"Baba!"

"Mwambie angoje."

Vidole alitoka. Walikuwa hawajaongea tangu karakana, na hili ndilo lililokuwa neno lake la kwanza kwake: "Mkubwa yuko mkutanoni. Unaombwa ungoje."

Picha alifungua mdomo kucheka, akaona macho ya Vidole, akaufunga. "Naomba nikae wapi?"

Akamwonyesha benchi ukutani, lile la kuwekea ndoo. Picha akakaa, magoti yamemfika kifuani, bahasha mapajani. Vidole akarudi ndani, akasimama nyuma ya pazia. Jua lilikuwa linampiga Picha usoni, lakini hakusogea.

Muda ukaenda. Wapita njia wakapita, wakarudi, wakapita tena polepole zaidi. Wa kwanza kushindwa alikuwa seremala.

"Unangoja nini hapo?"

"Mzee yuko mkutanoni."

"Mkutanoni na nani?"

"Sijaambiwa."

Seremala alifikiri kidogo, akavua kofia, akakaa. "Nina langu pia. Nilicheka sana jana. Nikutangulie?"

"Nimefika mapema, kaka."

"Mimi ni mtu mzima."

"Foleni haina mtu mzima."

Akaja mke wa seremala kumtafuta mumewe, akakaa. Akaja mwoka mikate na mkate wa moto amefunga kwenye karatasi. Akaambiwa akae nyuma, akasema mkate utapoa, akaambiwa mkate haujulikani kwenye foleni. Fundi cherehani hakutaka kukosa, akaleta kigoda chake. Baada ya saa moja mbele ya nyumba palikuwa na mstari wa watu, na ugomvi wa nani alimtangulia nani ulikuwa umepamba moto. Mke wa seremala alishaanza kuwapanga. "Wewe wa mkate, rudi! Hapa kuna utaratibu!"

Vidole aligeuka kumwambia baba yake aone aibu kidogo, aache mchezo. Akamkuta Mzee amesimama nyuma ya pazia la dirisha la pili, ameegemea ukuta, mabega yanamtetemeka. Alidhani analia. Akamsogelea, akamwona uso.

Mzee alikuwa anacheka. Alikuwa anacheka bila sauti, machozi yanamtiririka kwenye mashavu aliyoyanyoa vizuri asubuhi, anajaribu kujizuia kwa leso na leso inamshinda.

"Tangu nistaafu," alisema akipumua kwa shida, "tangu nistaafu, mwanangu, hakuna aliyenipangia foleni." Akajifuta, akajikohoza, akarudisha uso wake wa ofisini. Akafungua mlango mwenyewe. "Wa kwanza!"

Picha alisimama haraka mpaka benchi likamwangusha seremala.

*

"Umengoja sana?" Mzee aliuliza walipokaa.

"Nimengoja, Mzee."

"Umejifunza nini?"

"Kwamba nimeandika habari za kungoja bila kujua kungoja ni nini." Picha aliweka bahasha mezani. "Nimekuja kuomba radhi. Kile kipande nimekitoa. Kilikuwa chako na cha nyumba yako, nikakichukua bila ruhusa. Hata filamu usipoitaka, nitaiacha."

Vidole alikuwa mlangoni na sinia la chai. Alijua filamu ile kwa Picha ilikuwa nini. Alijua miaka aliyoibeba kichwani akipiga watu picha za kununa. Akalikaza sinia.

Mzee hakuigusa bahasha. "Unajua kwa nini mkubwa alikuwa mkutanoni kila siku?"

"Sijui, Mzee."

"Hiyo ndiyo kasoro ya hadithi yako. Wewe unamcheka, lakini hujui alikuwa wapi. Mkutano, kijana, ulikuwa chumba cha nyuma. Mimi na birika la chai. Mhuri haukuwa kwangu. Ulikuwa kwa mkubwa wangu, na yeye naye yuko mkutanoni. Anakuja mtu na shida yake, amekutolea macho, na wewe mikono mitupu. Mara ya kwanza unamweleza. Mara ya pili unaona haya. Mwisho unamwachia koti, unakwenda kujificha. Sikuwadharau watu wale. Niliwaogopa."

Vidole alikuwa ameishi na mtu huyu maisha yake yote na hakuwahi kulisikia hilo.

"Mzee," Picha alisema taratibu, "naomba ruhusa. Hilo naweza kuliandika?"

Mzee alimtazama kwa muda mrefu, kisha akamtazama binti yake mlangoni, kana kwamba anamwambia: umesikia? Ameuliza.

"Liandike. Na kile kipande cha koti kirudishe."

"Ila ile ya kulimiminia koti chai ifute!" Mama aliingia akikausha mikono. "Mimi sijawahi kulinywesha koti chai. Mnataka kunifanya mwendawazimu? Mimi jioni, upepo wa baridi ukianza, nalitoa pale kitini, nampelekea kule nyuma, namvika mabegani. Ndipo anatoka kazini. Tunarudi ndani pamoja."

Mzee alitazama mikono yake kama kijana aliyeumbuliwa. Vidole akatazama mmoja, akatazama mwingine. Jioni zote hizo yeye alikuwa saluni, hakujua. Akainua macho akakutana na ya Picha, na hakuna aliyeyakwepa ya mwenzake.

"Na hilo je, Mama?" Picha aliuliza. "Naruhusiwa?"

"Liandike. Lakini atakayeniigiza awe mzuri. Usiniletee vituko."

Mzee aligonga meza kwa kidole. "Hilo la filamu limekwisha. Una jambo jingine, au nimwite seremala?"

Picha alipiga moyo konde. Shati lake lililosimama alipofika sasa lilikuwa limemnatia mgongoni. "Jambo la pili ni binti yako, Mzee. Nampenda. Najua kazi yangu haikutulizi. Siku watu wasipocheka, bado watahitaji picha za vitambulisho. Hatalala njaa."

"Jambo hilo haliletwi na mtu mmoja mwenye jasho namna hiyo," Mzee alisema. "Una wazazi?"

"Ninao."

"Basi njoo nao kesho."

Mama akaweka mikono kiunoni. "Kesho ya kweli, au kesho ya ofisini?"

"Ya kweli," Mzee alisema, na safari hii alicheka kwa sauti, mpaka watu wa foleni huko nje wakaanza kuulizana nani ameingia bila zamu.

Alitoka akasimama kizingitini mbele yao. Wote wakanyooka. "Seremala. Nasikia meza zako zina mchwa."

"Wamekufa, Mzee! Wote! Jana usiku wamekufa!"

"Mikate?"

"Inaumuka mpaka inatisha, Mzee!" mwoka mikate akasema, akampa ule wa moto, ambao ulikuwa umepoa zamani.

"Suruali?"

Fundi cherehani alizitoa kwapani. Hakuwa ameziacha nyumbani.

*

Jua lilipolegea watu walitawanyika kwa makelele, kila mmoja akimweleza mwenzake yeye ataigiza nani. Vidole alimsindikiza Picha hadi getini. Walitembea polepole sana kwa njia fupi namna ile.

"Bado umenikasirikia?"

"Kidogo."

"Kiasi gani?"

"Kiasi cha kukunyima kitana."

Picha alicheka, halafu akaacha. "Jana niliporudi studio nilikaa nyuma ya pazia, nikajiambia, nimepata hadithi nikampoteza mtu. Sikutaka hata kuitazama kamera. Ungekataa kuniona leo, ningekaa kwenye lile benchi mpaka ndoo zinizoee."

"Mimi nisingekataa," Vidole alisema. "Ningekuchelewesha tu. Ni damu ya nyumbani."

Kutoka ndani walisikia Mzee akisoma. Bahasha alikuwa ameifungua. Alikuwa anasoma sehemu ya mlinzi anayejiona waziri, kwa sauti nzito, na Mama anamsahihisha, na yeye anabisha kwamba walinzi wa ofisi anawajua yeye, si mwingine.

Vidole alishika mkono wa Picha. Hakuushika kwa kujificha. Aliushika pale getini, peupe, na mke wa seremala, aliyekuwa bado barabarani, akajifanya anatafuta kitu ardhini. Vidole akajinyoosha kwa ncha za miguu mpaka mdomo ukafika sikioni kwa Picha, akamwambia neno ambalo kwa miezi yote hiyo alikuwa amelizungusha, amelisuka, amelifumua, na hakuwahi kulitamka.

Picha alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa yanang'aa.

"Hili," aliuliza, "naruhusiwa kuliandika?"

"Hili hapana," Vidole alisema. "Hili ni letu."

Naye akakubali kwa kichwa, akavuka barabara kwenda kuwaambia wazazi wake wapige pasi nguo za kesho.